Jina Juu ya Boksi

Uvira, Songo, tarehe 4 mwezi wa pili 2024

Kwako Déborah, mutoto wa marehemu kaka yangu, na tena mama yangu juu ya vile ulibeba jina lake,

Minye Norbert, fundi wa moteur za boti, muntu mwenye alikunywa maji ya Kigoma, Kalemie, Bujumbura na Mpulungu na hata moja haikumuua, ninakuandikia kwa mukono wangu mwenyewe. Simu iko. Lakini ukituma sauti mu simu, parcelle nzima, nyumba zote za hiki kiwanja, inasikia, na kesho watu wananiuliza habari ya tumbo langu mbele ya wakwe. Barua ni ya macho mawili tu. Jolie binti yangu ataipiga picha na kukutumia. Yeye anajua kufunga mudomo nikimununulia beignet, lile andazi la mafuta. Halafu minye nilifika cinquième primaire, darasa la tano, na nilitoka kwa mulango, si kwa dirisha. Mwandiko kama huu hauachwi ufe.

Boksi ya dawa imefika. Pasteur Rénovat alitoka kwenu kule Finland, akashuka Bujumbura, akavuka mupaka wa Kavimvira na jasho kama muntu mwenye ameiba, na muzigo wako juu ya kichwa. Tuliufungua mbele ya watu, vile inafaa. Muzigo wa Ulaya ukifunguliwa na mulango umefungwa, kesho unaitwa muchawi. Sabuni alichukua Blandine muke wangu. Chokoleti ilikwisha mbele sijaiona sura.

Na boksi yenyewe, mama! Waliandika jina lako juu yake, DÉBORAH, herufi kubwa za mashini. Nikazungusha kwa watu wote: munaona? Kule Ulaya muntu akiwa mukubwa, jina lake linaandikwa kwa dawa kama vile sisi tunaandika kwa boti.

Unajua tangu Noeli, siku nilianguka mbele ya kanisa na mudomo ukapinda dakika kumi, na Élisabeth, infirmière wa sante, kituo cha afya cha hapa, akanipima tension ya damu akasema 19 juu ya 11, watu wa Songo wananiangalia kama muntu mwenye amekwisha kukata tiketi. Sasa waache waangalie. Safari imefutwa. Kesho asubuhi ninameza kinini cha kwanza.

Ni minye baba yako mudogo,
Norbert, Fundi wa Maziwa Yote


Oulu, 18 Februari 2024

Baba mdogo mpendwa,

Nimesoma barua yako kwenye basi, nikacheka hadi mama mmoja akahama kiti. Huku mtu akicheka peke yake wanamtafutia daktari.

Sasa acha utani, nisikilize. Kidonge kimoja, kila asubuhi. Hata siku unayojisikia una nguvu za kubeba mashine ya boti mgongoni. Hasa siku hiyo. Tension haipigi hodi. Baba alianguka vilevile, kule Nyarugusu, kambini, asubuhi, kikombe cha chai mkononi, na jana yake alikuwa anacheza karata. Unakumbuka nani alikupigia simu. Nilikuwa mimi. Sitaki kupiga wala kupokea simu nyingine kama ile.

Kila baada ya wiki mbili nenda kwa Élisabeth akupime, halafu uniandikie namba. Mimi kazi yangu ni kwenye nyumba ya wazee. Kila asubuhi nafunga kile kitambaa cha kupimia presha kwenye mikono ya baba za watu wengine, nasoma namba zao. Mkono wako siufikii. Kwa hiyo nipe namba.

Jina kwenye boksi lisikushughulishe, ni mambo ya duka la dawa.

Mimi sijambo. Kichwa tu kinauma kidogo, ni baridi.

Binti yako,
Déborah


Uvira, tarehe 14 mwezi wa nne 2024

Mama yangu Déborah,

Weye uko na haraka kama muuza samaki wa ndagala saa sita ya jua. Namba ndizo hizi, na ukae chini kwanza.

Mwisho wa mwezi wa pili: 12 juu ya 8. Katikati ya mwezi wa tatu: 12 juu ya 8. Mwisho wake: 12 juu ya 8. Jana: 12 juu ya 8.

Umeona? Moteur ya Norbert inazunguka bila moshi. Nilikuambia, damu yetu si damu ya kubembeleza. Hata aliyepima alisema huu mukono ni wa muntu wa miaka kumi na tisa.

Maji ya Tanganyika yamepanda mwaka huu, yameingia mu nyumba za chini, viboko wanapita mu avenue kama wanatafuta adresse ya nyumba. Apolline jirani yetu, yule muuza samaki, sasa anakaanga samaki wa mikeke juu ya meza na miguu yake ndani ya maji. Akicheka, maji yanatetemeka. Watu hawa huwezi kuwaua na maji.

Kitu kimoja kidogo. Kama kuna namna, tuma boksi ingine. Hata mbili. Mwili wangu umeipenda sana.

Norbert, 12 juu ya 8


Oulu, 28 Aprili 2024

Baba mdogo,

Nimekaa chini kama ulivyosema. Nikasoma mara tatu.

Miaka kumi na moja napima watu. Sijamwona mtu, mzee wala kijana, anayetoa namba moja mara nne kama saa iliyosimama. Na mtu wa miaka kumi na tisa ninayemjua nyumbani kwako ni mmoja tu, anacheza mpira wa miguu na anapenda beignet.

Jambo la pili. Boksi lilikuwa na vidonge mia. Ukianza tarehe tano Februari, kimoja kimoja, vinakufikisha katikati ya Mei. Sasa ni Aprili na unaomba "hata mbili". Unavitafuna kama karanga? Au unaviuza? Hapana, wewe hujawahi kuuza kitu maishani. Ndiyo maana Mama mdogo Blandine anazeeka kabla yako.

Niambie ukweli. Ni mkono wa nani ule? Na vidonge viko wapi?

Wiki iliyopita nilitumwa nyumbani kutoka kazini. Ni hiki kichwa. Baridi ya huku haijui kwamba Aprili imefika. Lakini mimi si kitu, tuzungumze wewe.

Déborah


Uvira, tarehe 11 mwezi wa tano 2024

Kwa Bibi Juge Déborah, tribunal ya Oulu,

Mushitakiwa anasimama. Hasemi pardon.

Ndiyo, mukono ni wa Jolie. Nilimupeleka, Élisabeth akamupima, minye nikaandika. Namba ni za kweli, ni muntu tu njo mwingine.

Ndiyo, binini vilikwisha. Vilikwisha zamani, mu mwezi wa tatu. Niligawa.

Sasa unyamaze na usikilize, juu weye uliondoka hapa mutoto, Kiswahili chako ni cha Kigoma na labda akili pia walikubadilishia kule. Siku ya muzigo nilikuambia tuliufungua mbele ya watu. Nani alikuwa pale? Hatungimana alikuwa pale. Unamukumbuka: miaka ishirini na mbili minye mu moteur, yeye kwa usukani. Iko na tension sawa na yangu, na watoto wake hawana muntu Ulaya. Apolline alikuwa pale. Naye iko na tension, na miguu imevimba kama mikate. Minye nifungue boksi, nitoe kinini, nikitie mu mudomo, ninywe maji, na wao wananitazama?

Mama, minye sikulagi peke yangu. Sikula peke yangu mu njaa, sikula peke yangu mu vita, siwezi kuanza sasa juu nimekuwa na muntu Finland. Nilihesabu kwa haki: yangu, ya Hatungimana, ya Apolline. Kila asubuhi tunakutana kwa meza ya Apolline, tunameza pamoja, tunapigana mabega. Santé! Wapita njia walifikiri tumefungua nganda ya pombe.

Ukitaka kunifunga, nifunge. Lakini dawa yenye inaniamuru nimugeuzie Hatungimana mugongo, hiyo ni ugonjwa mwingine.

Norbert, hasemi pardon (mara ya pili)


Oulu, 2 Juni 2024

Baba mdogo,

Hukuniambia kwamba Mzee Hatungimana ameanguka.

Mama mdogo Blandine ndiye aliyeniambia, kwa sauti ya simu, analia na kusonya pamoja. Kwamba mzee alikuwa amejiwekea vidonge vitano vya akiba. Kwamba siku ya kupeleka mahari ya mjukuu wake alivimeza vyote vitano asubuhi, na tumbo tupu, ili viwe na nguvu ya sherehe. Kwamba alianguka mbele ya wakwe na mtu akamwagia maji akidhani ni pombe. Kwamba Élisabeth alikaa naye mchana kutwa hadi damu yake ikarudi mahali pake. Ilikuwa wiki moja kabla ya barua yako ya "hasemi pardon". Ulijua, ukanyamaza, ukaniandikia mizaha ya mahakama.

Kidonge si ugali, Baba mdogo! Ugali ukimegwa kwa watu watatu, watatu wanapata nguvu kidogo kidogo. Kidonge kikipewa mtu bila kupimwa, mmoja hakimsaidii, wa pili kinamwangusha, na wa tatu, yaani wewe, unabaki bila dawa tangu Machi na 19 yako mwilini. Mlipokuwa mnapigana mabega pale kwa Apolline mlikuwa mnasindikizana kaburini.

Boksi la pili Pasteur Rénovat ameshaondoka nalo, siwezi kulirudisha. Ni la mwisho. Apewe Mama mdogo Blandine, alifungie sandukuni, akupe kimoja kila asubuhi na asimame hapo hadi umeze. Na uende kwa Élisabeth na mkono wako mwenyewe. Usipoenda, sitaandika tena. Nimeshazika baba mmoja kwa kiburi hiki.

Déborah


Uvira, tarehe 16 mwezi wa sita 2024

Déborah,

Leo siandiki mingi.

Nilienda kwa Élisabeth na mukono wangu. 20 juu ya 11. Nilikwenda na boksi ya pili, ingali imefungwa, nikamuambia: mama infirmière, hii ninyweje? Akaigeuza. Akasoma ile karatasi yenye jina lako. Akaniuliza: Déborah ni mugonjwa wako? Nikamuambia hapana, Déborah ni mwenye kutuma. Akasema: papa, mu pharmacie jina la juu ya dawa haliko la mwenye kutuma.

Nikaenda kwa Pasteur Rénovat. Nikamuweka Biblia mbele ya uso. Akasema ni kweli, kule Finland karatasi ile ni ya mugonjwa, na muntu hapewi dawa ya jina la mwingine. Akaangalia chini. Alijua.

Miezi mine ninaonyesha jina lako kwa watu kama jina la boti.

Jibu kwa mustari mmoja: ni nani mugonjwa?

Norbert


Oulu, 23 Juni 2024

Baba mdogo,

Mimi.

Umetaka mstari mmoja lakini nisikilize zaidi. Walinipima miaka miwili iliyopita, 17 juu ya 10. Mimi ni mtoto wa baba yangu. Wengine wanarithi viwanja. Ulipoanguka Noeli sikujua la kufanya. Daktari wa huku anaandika dawa kwa jina la anayeketi mbele yake tu. Siwezi kumwambia aniandikie na za Baba mdogo wangu aliye Songo. Kwa hiyo boksi langu jipya nikakutumia wewe likiwa limefungwa, na vidonge vilivyobaki kwenye la zamani nikawa nameza leo, naruka kesho. Cha kuruka nakiweka kwenye kopo la sukari. Kopo hilo ndilo lilikuwa akiba yangu. Ulipoomba jingine nikaruka siku mbili mbili, ili boksi la pili nisiliguse, likufikie wewe.

Haikuwa baridi. Mwezi wa nne nilikuwa nampima mzee mmoja, namba zikaanza kucheza mbele ya macho, nikakaa sakafuni. Mwenzangu akachukua kile kitambaa kutoka mkono wa mzee akakifunga kwangu. 18 juu ya 11. Mzee yule, hanijui jina, akanishika kichwa kama mtoto.

Nimekuandikia maneno makali juu ya kidonge na ugali. Yote ni kweli, na niliyaandika huku kopo la sukari liko mezani. Lakini usinihukumu wewe. Nani alinifundisha? Mwaka wa tisini na nane, usiku ule tulipovuka kwenda Kigoma, tulikuwa watu kumi na wanne ndani ya boti na mkate mmoja. Uliukata kwa kamba ya moteur, ukagawa, ukaniongeza kipande chako. Ukasema umeshiba. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu siku ile nikajua mtu mzima ni yule anayesema ameshiba.

Déborah


Uvira, tarehe 7 mwezi wa saba 2024

Mama yangu Déborah,

Sikushiba.

Ile siku ya boti nilidanganya. Nilikuwa na njaa mpaka nikaona taa mbili za Kigoma na iko moja tu, na minye njo nilikuwa ninamuonyesha Hatungimana njia, kidogo atupige kwa mawe. Kama ningekula kipande changu ningeona njia muzuri. Hatungimana alikuwa kwa usukani, muulize, aliniambia: "Norbert, weye ukizimia, hii moteur nani ataiwasha? Huyu mutoto?" Miaka ishirini na sita sikusema kwa muntu. Sasa nimeandika, na Jolie amepiga picha, na beignet yake leo ni mbili.

Basi ulisoma somo langu vibaya juu mwalimu alikuwa muongo. Pardon. Andika tarehe, hautaisikia tena mwaka huu.

Sasa habari. Boksi yako ya pili inarudi. Pasteur Rénovat anaruka juma lijalo na nimeifunga mu kitambaa cha Blandine, nikaishona, na nimemuapisha: akiifungua mbele ya muntu, nitatoa siri yake ya kukoroma mu ibada. Hakuna kinini hata kimoja kilitoka. Usinirudishie. Ukinirudishia nitaitupa mu Tanganyika, samaki wakae na tension 12 juu ya 8, na Apolline atawauza kwa bei ya juu.

Sisi usituhurumie. Tulikwenda kwa Élisabeth watatu, minye, Hatungimana na Apolline, kama vile tulikuwa tunakwenda kwa ile meza. Kila mumoja alipimwa mukono wake. Kumbe dawa zetu haziko hata sawa! Minye yangu ni ya rangi nyeupe, ya Apolline ni ya kukojoa, miguu yake imeshuka mpaka ameona tena vidole vyake na akavisalimia kwa majina. Hatungimana alipewa nusu tu, na hotuba nzima. Zote zinauzwa hapa hapa Uvira, pharmacie iko nyuma ya soko, hazihitaji ndege wala pasteur. Nilitafuta Ulaya kitu chenye kilikuwa kinaningojea kwa kona. Bei tunaiweza, minye na moteur zangu, Apolline na samaki zake. Ya Hatungimana tunachangia wawili, na hiyo usiniambie si ugali, juu hiyo ni ugali kabisa.

Ukitaka kusaidia, na ninajua utataka, juu ubishi wako ni wangu, tuma kitu chenye kinagawanywa bila kuisha. Ile mashini ya kupima mukono. Sante iko na yake, lakini mustari wa watu unafika barabarani, na wazee wanachoka wanarudi nyumbani na damu yao haijulikani. Hiyo mashini nitaifungua mbele ya watu wote, mulango wazi, Songo nzima ione. Élisabeth amekubali kutufundisha. Kila siku ya posho, ile munaita Jumamosi, kwa meza ya Apolline, mukono wa kila mwenye anapita. Namba zenye zinatisha tunazipeleka kwake siku hiyo hiyo. Kwanza tutamupima Jolie, tujue kama mashini inasema kweli.

Na weye utatuma namba zako kila juma. Picha ya mashini na uso wako ndani ya picha. Minye ni mufundi wa namba za uongo, hautanipita mu kazi yangu.

Wakija kukuambia kule kwamba Norbert amegeuka, kwamba anafundisha mutoto wa kaka yake uchoyo, waambie ndiyo, amegeuka, na hasemi pardon. Asubuhi, mbele hujaenda kwa kazi, funga mulango. Usifikiri Hatungimana. Usifikiri Apolline. Usinifikiri minye. Toa kinini, mimina maji, na hiki kimoja, mama yangu, kula peke yako.

Baba yako mudogo,
Norbert
16 juu ya 9, mukono wake mwenyewe, Élisabeth ni shahidi